Suti Saba za Bendi ya Mjomba

Muuza mayai wa mtaani kwetu anaapa kwamba siku ile nilitoroshwa.

Aliona kwa macho yake mawili, anasema. Basi dogo jeupe lilisimama mbele ya duka la mjomba wangu, wakashuka wazee, wakaingia ndani, wakavuliwa nguo. Wakakaa humo asubuhi nzima na vesti. Halafu nikatoka mimi, kichwa nimekiinamisha kama bibi harusi, mzee mmoja mnene kanishika mkono, nikapandishwa garini, na mjomba akapanda nyuma yangu huku anafuta machozi. Kwa hiyo, anasema muuza mayai, posa ilishapokelewa zamani kwa siri, na mimi sasa hivi ni mke wa mwanamuziki.

Ameshamweleza kila anayenunua trei. Anayenunua yai moja anapewa nusu ya habari.

Nguo kuvuliwa ni kweli. Vesti ni kweli. Hata machozi ni kweli. Mengine yote ametia chumvi, na mimi nimechoka kusimamishwa njiani na kuulizwa kama mzee anakoroma. Acha niseme mwenyewe.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilivyofika hapa. Kwanza kiwanda cha mikate nilichokuwa nafanya kazi kikafungwa. Kisha mchumba wangu akamwoa rafiki yangu, tena kwa gauni ambalo pindo lake nililishona mimi kwa mkono, nikidhani ni la dada yake. Mara ya mwisho niliwaachia hadithi nimesimama na begi mlangoni kwa mjomba, kaka yake mama, fundi cherehani, na mkewe anauliza mbele yangu kwamba huyu atakaa mpaka lini.

Mjomba alijibu kwamba nitakaa mpaka niwe fundi. Mkewe akasema basi huo ni muda mrefu kuliko umri aliobakiwa nao yeye. Nikapewa godoro chumba cha nyuma, katikati ya majora ya vitambaa.

Mimi namwita mjomba na yeye ananiita mjomba, ndivyo tunavyoitana. Ananipenda, sina shaka. Lakini kuna watu anaowapenda kuliko mimi, kuliko mkewe, na nadhani kuliko hata pumzi zake. Hao ni Bendi.

Hataji jina. Anasema Bendi tu, kama mtu anavyosema jua. Nyingine zote anaziita kelele. Alipokuwa kijana anajifunza kazi, fundi aliyemfundisha ndiye aliyekuwa akiishonea Bendi, na yeye alikuwa anakata. Zile karatasi za kaki alizokatia suti zao anazo mpaka leo. Zimetundikwa kwenye misumari ukutani juu ya mashine yake, na kwenye kila moja kachora chombo cha mwenyewe: tarumbeta, saksafoni, gitaa, besi, kinanda, ngoma. Moja kachora mdomo uliofunguka. Hiyo ni ya mwimbaji.

Mteja akiegemea ukuta ule anaombwa asogee. Mke wa mjomba alipotaka kupaka rangi duka, mjomba alikataza karatasi zisiguswe, wakanuniana, na mwisho fundi rangi akapita pembeni. Ukuta sasa ni kijani kote, na nyuma ya Bendi ni bluu ya zamani.

Bendi yenyewe ilivunjika kabla sijazaliwa. Waligombania nani asimame mbele.

Basi ndipo siku moja akaingia kijana mwenye simu mbili, akajitambulisha kuwa meneja, akasema Bendi inarudi. Onyesho moja tu, ukumbi wa manispaa, tena alasiri, kwa sababu wazee hawakeshi siku hizi. Na wanataka wapande jukwaani na suti kama zile zile za enzi zao: makoti ya zambarau, kola nyeupe, suruali za bugaluu zilizopanuka chini. Wameambiwa kuna mtu aliyewahi kuzikata na bado yuko hai.

Mjomba alikaa chini. Alikuwa hajaambiwa akae, na pale chini hapakuwa na kiti.

Nilipomwinua nikamuuliza meneja hao wazee watakuja kupimwa lini. Akasema haiwezekani, wako mji mwingine wanafanya mazoezi, atatuma vipimo kwa simu. Mjomba akasema hakuna haja, vipimo viko ukutani.

Jioni hiyo mjomba alitamka neno mbele ya mkewe. Alisema suti hizi zikipanda jukwaani na kushuka salama, mimi naanza kukata. Atanikabidhi mkasi mbele ya wateja, na kila mtu ajue duka hili lina mafundi wawili. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alikuwa ameshasema kwamba siku mjomba atakaponithibitisha, sare za shule yake zote ni zangu.

Na zisiposhuka salama, mke wa mjomba akasema, atafute kwingine pa kukaa.

Nikaona ni haki. Mtu akikwambia bei mapema hajakuonea.

Vipimo vikaja. Vilikuwa vya watu watano, kwa sababu mpiga ngoma na mpiga besi walishatangulia mbele ya haki. Mjomba akavaa miwani, akashusha karatasi zake moja moja, akalinganisha. Akavua miwani, akalia.

Vilikuwa vile vile. Kifua kile kile, kiuno kile kile.

"Unaona, mjomba?" akaniambia. "Hawajabadilika."

Mimi nilichoona ni kingine. Sijawahi kumwona mzee wa umri ule, aliyelipwa maisha yake yote kuimba kwenye sherehe za watu na kulishwa huko huko, mwenye kiuno kama changu. Nikajua wale wazee hawakupimwa. Waliulizwa kwa simu, na kila mmoja akajibu alivyojikumbuka.

Nikasema polepole kwamba pengine tuache nafasi kidogo. Mjomba alinitazama kama nimemtukania mama yake, ambaye ni bibi yangu.

"Wale si watu wa kunenepa," akasema.

Akakata. Na hakukata tano, alikata saba. Nikamuuliza za hao marehemu za nini. Akajibu kwamba Bendi ni watu saba, hajawahi kushona Bendi pungufu na hataanza leo.

Nikashona. Yeye alikuwa anashona huku anapiga tarumbeta kwa midomo, na kwenye kona ya kola alikuwa anasimama kabisa mpaka wimbo upite. Mimi kwenye mgongo wa kila koti niliachia mshono mpana. Alipopitisha kidole gumba akaugundua. Akaniuliza kitambaa chote hicho nimemwachia nani. Nikasema nimeiachia hofu yangu. Akasema hofu yako haipandi jukwaani, punguza.

Nikapunguza. Yeye ndiye fundi.

Kupiga pasi alipiga mke wa mjomba mwenyewe. Pasi ya nyumba ile ina mwenyewe, na mwenyewe ni yeye. Mimi sijawahi kuishika hata kuisogeza. Hilo naomba mlishike.

Siku ikafika. Mjomba alinyoa ndevu, akavaa futi shingoni kama mkufu, akaweka kiti nje ya mlango. Suti saba zilikuwa zimening'inia mstari mmoja, zambarau tupu, na sitadanganya, zilikuwa nzuri.

Basi dogo likasimama. Wakaanza kushuka wazee, kinyumenyume, kila mmoja kamshikilia mwenzake begani. Mjomba alikuwa ananyoosha shingo juu ya vichwa vyao, anaangalia Bendi itatokea wapi.

Wa kwanza kuingia alikuwa mzee mpana mwenye mkongojo, anahema, jasho linamtoka. Mjomba akamwambia kwa adabu zote kwamba samahani mzee, leo hatufupishi suruali, tunasubiri wageni.

Yule mzee akatazama ukutani, akaiona karatasi yenye mdomo.

"Hao wageni," akasema, "ni sisi."

Sauti ndiyo iliyomtambulisha. Haikuwa imezeeka hata kidogo. Ilitoka kwenye mwili ule kama kijana aliyefungiwa stoo. Mjomba akaushika mkono wake kwa mikono miwili na akakataa kuurudisha.

Nikamsaidia mwimbaji kuvaa koti. Mkono wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia nusu. Tulipovuta mbele, kifungo na tundu lake vikabaki vinaangaliana kwa mbali kama ndugu waliogombania kiwanja.

Mpiga saksafoni suruali ilikuwa imemgomea mapajani na alikuwa hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mpiga gitaa alikuwa amekaa nayo mkononi, hakujaribu hata kuingiza mguu. Mpiga tarumbeta yeye alikuwa amekonda akaisha, mikono ya koti inamfunika mpaka vidole.

Mwimbaji akaugusa ukosi wake. "Kitambaa hiki kimerudi," akasema. "Kimerowa kikarudi, kikawa kidogo."

Mpiga saksafoni akasema hata chake kimerudi. Mpiga gitaa akasema vitambaa vya siku hizi ndivyo vilivyo. Mpiga tarumbeta akafikiri kidogo, akasema chake kimetanuka. Wote wakaafikiana kwamba ni kitambaa kibaya sana.

Meneja akaanza kusema kwamba labda, wazee wangu, tangu wakati ule miaka imekwenda. Mwimbaji alimtazama tu. Meneja akarudi kwenye simu zake. Alipoinua kichwa tena akauliza sasa nani kaharibu, maana onyesho ni leo.

Nilikuwa namtazama mjomba. Nilimwona anavyowatazama wale watu watano waliosimama na aibu zao mikononi, na nikaona anavyochagua.

"Ni pasi," akasema. "Huyu binti alipitisha pasi ya moto na kitambaa bado kibichi."

Alisema hivyo huku anaangalia sakafu.

Wazee wote wakaniangalia na nyuso zikawafunguka. Walinishukuru kwa macho, kweli. Mwimbaji akatikisa kichwa, akasema vijana wa siku hizi wana haraka. Mke wa mjomba, aliyekuwa mlangoni na birika la chai, akauliza taratibu kwamba ni pasi ya nani hiyo inayosemwa. Mjomba akamwangalia. Mkewe akafunga mdomo. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nifike na begi langu, alinimiminia chai kabla ya wengine.

Nilikuwa nahesabu kitambaa kichwani. Mishono nilishaipunguza, ziada hakuna, na zambarau ile ilikuwa imekwisha dukani tuliponunua. Iliyobaki mjini kote ilikuwa imening'inia pale pale mbele yangu: suti mbili za marehemu.

Nikasema tuzikate hizo. Tutafumua migongo, tutaingiza kipande katikati, na kwenye suruali vivyo hivyo ubavuni.

Mjomba akasimama mbele ya zile suti mbili kama askari wa benki. Akasema hilo halifanyiki akiwa hai, hizo zina wenyewe.

Mwimbaji akasogea na mkongojo wake, akaligusa koti la mpiga ngoma mkononi, pale mkono unapokunjika.

"Huyu," akasema, "kila niliposahau maneno alikuwa anapiga kwa nguvu ili watu wasijue. Kanificha maisha yangu yote. Kata, fundi. Hatakataa leo."

Mjomba akakata. Sijawahi kuona mtu anakata kitambaa polepole vile.

Nikashona asubuhi nzima. Wazee walikaa na vesti kwenye benchi la wateja. Mwanzoni walikuwa wanalalamika, huyu magoti, yule presha. Halafu mpiga gitaa akachoka kukaa bure, akatoa gitaa lake, akaanza kulichezea bila spika. Mpiga kinanda akagonga benchi. Mwimbaji akafumba macho akaanza kuimba, sauti ya chini tu, kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala.

Mimi nyimbo zile nilizijua kwa midomo ya mjomba na nilizidhani upuuzi. Nikajikuta mguu wangu unakanyaga cherehani kwa kufuata wao. Watu wakajaa dirishani, na muuza mayai mbele yao wote. Nikainua macho nikamwona mjomba, mkasi mkononi, mdomo wazi, uso wake umelegea mpaka nikaona alivyokuwa kijana. Nikamwelewa. Na kumwelewa kukaniuma zaidi, maana ningekuwa simwelewi ningemchukia nikapumzika.

Suti zikakaa. Ukiwa mbele hujui kitu. Ukiwa nyuma unaona mstari wa kipande umeshuka mgongoni, nikaufanya uonekane kama urembo. Koti la mpiga tarumbeta nililibana nyuma kwa pini, nikamwomba asiwape watu mgongo.

Mwimbaji alijitazama kwenye kioo mbele, ubavuni, akafurahi. Hapo ndipo wazo likamjia, na mimi wakati wangu wa kufurahi ukaishia hapo.

Alisema lazima niende nao ukumbini. Katikati ya onyesho atawasimulia watu kisa cha binti aliyepiga suti za Bendi pasi mpaka zikarudi. Watu watacheka. Kisha nitaitwa jukwaani, nitaomba radhi kwa kipaza sauti, yeye atanisamehe mbele ya umati, na hapo hapo wanaingia kwenye wimbo wao wa msamaha. Watu wanapenda vitu kama hivyo, alisema. Na duka la fundi litatajwa.

Mjomba aliposikia duka lake litatajwa na kinywa kile, machozi yakamtoka. Mwimbaji akanishika mkono kunipeleka garini. Hiyo ndiyo harusi aliyoiona muuza mayai.

Njiani nilikuwa nawaza nani watakuwa ukumbini. Kila mtu mwenye kitambaa cha kushonwa mji mzima, ndio. Mwalimu mkuu alikuwa amejinunulia kiti cha mbele. Nikishasema kwa mdomo wangu kwamba niliharibu suti tano kwa pasi, nani ataniletea hata shuka nipinde?

Nikamnong'oneza mjomba kwamba mimi pasi sikuishika.

"Najua," akasema.

Ningependa angekataa.

Ukumbi ulikuwa umejaa wamama na wababa waliovaa kama picha za zamani. Bendi walipoanza tu, watu wakainuka. Nilisimama nyuma ya pazia pamoja na mjomba nikiangalia migongo yangu mitano, mishono inavutika kila mwimbaji anapojaza kifua, na hakuna uzi uliokatika. Wamama wa umri wa mama yangu walikuwa wanacheza na mikoba kwapani. Mjomba alikuwa anasema kila neno la kila wimbo kimya kimya, na mara moja mwimbaji alipokosea, mjomba pia alikosea.

Kisha mwimbaji akafuta jasho, akaanza kusimulia. Anajua kusimulia, lazima niseme. Alieleza moshi wa pasi ambao haukuwepo. Alieleza nilivyolia, na sikulia. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

"Yuko wapi huyo binti wa pasi?" akaita. Makofi.

Meneja akaniwekea kipaza sauti mkononi, akanisukuma bega. Pazia likavutwa kidogo. Nikamwona mwalimu mkuu kwenye kiti chake, anacheka kwa adabu, hajajua bado binti ni nani. Kando yake alikuwa mke wa mjomba, ambaye hakuna aliyemwambia aje. Alikuwa amekunja mikono. Hakucheka.

Nikapiga hatua. Mjomba akanidaka mkono wa blauzi.

Tangu nizaliwe hajawahi kuniomba kitu. Hata maji huwa anajichotea.

"Mjomba," akasema, mdomo wake karibu na shavu langu, "najua hukuigusa. Lakini wakijua wamezeeka, hawatapanda tena. Sema ilikuwa pasi. Nakuomba."

Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa.

Kicheko kilikatika safu kwa safu, kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka nikasikia feni za ukumbini. Mpiga tarumbeta akageuka kututazama, akasahau nilichomwomba, na ukumbi mzima ukaona pini.

Mwimbaji hakumtazama mjomba. Alinitazama mimi. Akaja taratibu kwa mkongojo mpaka mbele yangu, na sauti yake ilipotoka, ule ujana ulikuwa umepungua ndani yake.

"Binti," akasema, "waambie watu, na mimi niambie. Suti zetu zilikuwa na nini?"